Maswali ya Wasomaji: Tufunge Toleo Moja au Tuache Nafasi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tumeandika programu ya kuweka uzito na bei za dagaa kwa wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba. Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri, lakini mwenzangu alipoisakinisha Nyegezi mwezi uliopita, kwa orodha ileile ya vifurushi (misimbo ya watu wengine ambayo programu yetu inaitegemea), iligoma. Yeye anataka tuandike toleo kamili la kila kifurushi; mimi nahofia tutakosa marekebisho ya usalama. Nani yuko sahihi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, orodha ni ileile, ila vifurushi vilivyoshuka si vilevile. Katika npm, chombo kinachoshusha vifurushi vya lugha ya JavaScript, ukiandika ^1.4.0 umeacha nafasi, yaani umeruhusu toleo lolote kuanzia hilo hadi kabla ya 2.0.0, hivyo wewe ulipata lililokuwapo siku yako na mwenzako akapata la siku yake. Utaratibu huu umesimama juu ya ahadi ya waandishi kwamba namba ya kwanza isipobadilika, hakuna kitakachovunjika. Ahadi huvunjwa: Januari 2022 mwandishi wa kifurushi cha colors alitia kwa makusudi kitanzi kisichokoma (amri zinazojirudia bila mwisho) katika matoleo yaliyofuata 1.4.0, na programu nyingi zilizoacha nafasi zikayapokea.

Kwa programu yenu, basi, mwenzako yuko sahihi, ingawa dawa yake haitoshi, kwa sababu kila kifurushi kina vifurushi vyake ambavyo hamkuviandika popote. Vyote hivyo hufungwa, kila kimoja kwa toleo lake kamili, na faili la package-lock.json, ambalo lazima litunzwe pamoja na msimbo wenu.

Hofu yako nayo ni ya kweli, tena naithamini sana. Kasoro ya usalama ya Log4j, kifurushi cha lugha ya Java cha kuandika kumbukumbu za programu, ilipotangazwa Desemba 2021, aliyekuwa amefunga toleo la zamani alibaki hatarini mpaka alipolibadilisha kwa mkono wake. Tengeni siku moja kila mwezi ya kupandisha matoleo, myajaribu kwa hesabu halisi za sokoni, ndipo mfunge tena. (Mkiandika maktaba, yaani kifurushi cha kutumiwa na programu za wengine, acheni nafasi, kwa sababu katika lugha ya Python, kwa mfano, vifurushi viwili vinavyodai matoleo tofauti kamili ya kifurushi kimoja haviwezi kukaa katika mazingira mamoja.)

Tangu toleo la 5, la mwaka 2017, npm hulitengeneza faili la package-lock.json yenyewe, kwa hiyo huenda limo tayari kwenye kompyuta yako. Mpelekee mwenzako, naye asakinishe kwa amri ya npm ci, inayolifuata bila kulibadilisha.