Ndizi za Kyela hazikuanza hii vita

We kaka unaesema Tanzania iliwaonea Malawi ile Aprili 2025 kwa kufunga mazao yao, anzia mwanzo basi. Machi mwaka huo huo Malawi ndo walikua wametangulia kupiga stop mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi yetu, wakisema wanalinda wakulima wao, na Sauzi nao walishafunga ndizi zetu kitambo. Bashe, aliekua waziri wetu wa kilimo, akatoa muda, wakakausha, ndo akafunga mazao ya nchi zote mbili, tufaa na zabibu za Sauzi humo humo.

Sa hapo kilichouma ni kwamba Malawi hawana bahari, sehemu ya mizigo yao inapita bandari ya Dar, so uking'ang'ana na jirani wa hivyo unajua kabisa nani atasalimu amri kwanza, na kweli siku chache tu mazungumzo yakaanza, Tanzania ikaondoa katazo lake. Kwa hilo nampa Bashe maksi zake.

Ila tusijisifu sana, maana ndizi haijui siasa, ukiikata mbichi Kyela lori likalala mpakani Kasumulu siku tatu kwenye lile joto inaiva humo humo, na anaekula hasara ni yule mama alokopa vikoba kununua mzigo, sio waziri wa upande wowote. Halafu wote tuko SADC ujue, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, eti soko huria 😂 mbona Sauzi hawajawahi kutukatalia kununua tufaa zao?