Maswali ya Wasomaji: Jeli ya Kolajeni na Namba Zisizotulia

SWALI: Natengeneza jeli ya kolajeni (protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia tishu za mwili) ya miligramu 3 kwa mililita. Nikipima ugumu wake kwenye rheomita (mashine inayoisokota jeli kidogo kati ya sahani mbili), leo napata paskali 40, kesho 150. Mashine imeharibika?

JIBU: Kabla ya kuita fundi, kagua barafu yako. Kolajeni iliyoyeyushwa kwenye asidi ya asetiki huanza kuganda ikishapunguziwa asidi na kupata joto, hata ikiwa bado iko ndani ya pipeti. Poza kila kitu kwanza. Tangulia na bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya fosfeti iliyokolezwa mara 10 (moja ya kumi ya ujazo wote), maji na sodiamu haidroksaidi. Kolajeni iingie mwisho. Changanya taratibu bila kutia viputo, kisha upime pH: iwe 7.2 hadi 7.4.

Jeli igandie papo hapo kati ya sahani za rheomita, kwa nyuzijoto 37, dakika 45 hadi 60. Ukiigandisha pembeni halafu uihamishe, itabanwa na kutoa maji, na hapo unapima jeli nyingine kabisa. Zungushia kingo mafuta ya madini. Bila hayo jeli hukauka na namba hupanda polepole, nawe utadhani bado inaganda. Sahani laini huteleza, kwa hiyo tumia zenye mikwaruzo.

Kiasi cha kuivuta jeli (strain) nacho kina hila yake: kolajeni hukazika kadiri inavyovutwa, kisha hukatika. Tafuta kwanza eneo ambalo namba hazibadiliki; mvuto wa asilimia 0.5 hadi 1, kwa hezi 1, ni pa kuanzia.

SWALI: Nimeweka protini ndani ya jeli ili itoke polepole kwenye bafa, na kipimo cha BCA (kinachopima protini kwa kubadilika rangi) kinasema imetoka asilimia 130! Inawezekanaje?

JIBU: Haiwezekani. BCA husoma protini yoyote, na kolajeni ni protini. Vipande vyake vinavyomong'oka vinahesabiwa pia. Weka jeli tupu sambamba, zipitie hatua zilezile, kisha uondoe usomaji wake kwenye ule wa jeli yenye protini. Afadhali zaidi utumie ELISA (kipimo cha kingamwili kinachotambua protini moja tu), au protini yenye rangi ya kung'aa, mradi rangi isiyoshikamana nayo imeshaondolewa. Rangi huru hutoka haraka mno na kukupa mlipuko wa mwanzo usiokuwepo, kana kwamba protini nyingi imetoka kwa mkupuo.

Angalia hesabu pia. Tuseme bafa ni mililita 1 na kila mara unachota mikrolita 200, ukirudishia bafa mpya. Usomaji wa kwanza ni mikrogramu 10 kwa mililita, wa pili 12. Jumla iliyotoka si 12. Ni 14, kwa sababu mikrogramu 2 uliondoka nazo mara ya kwanza.

Ukiona kinyume chake, yaani protini "inapotea", shuku kuta za mirija, ambako protini hunata. Ongeza albumini asilimia 0.1 kwenye bafa kama unatumia ELISA. Ukiwa na BCA usithubutu, kwani albumini nayo ni protini na usomaji wako utamezwa na wake. Mwisho wa jaribio, yeyusha jeli iliyobaki kwa kolajenesi (kimeng'enya kinachokatakata kolajeni) na upime kilichosalia ndani. Kilichotoka na kilichobaki vikijumlishwa vikaribie ulichoweka. Visipokaribia, usichore grafu bado.