"Na" ya sokoni na "NA" ya kompyuta

Swali: Habari mwalimu. Niko Kisumu, napanga faili za ripoti za uvuvi. Programu yetu ya kutafuta ina vitufe vya NA, AU, SI. Nikiandika omena NA mbuta napata faili mbili tu, nikiweka AU zinakuja mia tatu na kitu. Mbona NA inapunguza badala ya kuongeza? Na je, kuna neno la katikati?

Jibu: Ndugu yangu, umeshika mahali penyewe. Mama akikutuma soko la Kibuye akasema leta omena na mbuta, unarudi na zote mbili, kila moja kwa mfuko wake, na hakuna mtu atazunguka soko akitafuta samaki mmoja ambaye ni omena na ni mbuta. "Na" yetu ya kila siku inakusanya vitu. Ile ya kitufe imetoka kwa hesabu za George Boole, Mwingereza aliyefundisha Cork huko Ireland, kitabu chake kikubwa kikatoka 1854, na yenyewe inakusanya masharti, yaani kila faili lazima itimize la kwanza na itimize la pili, kwa hivyo ukizidisha masharti faili zinapungua.

Kiswahili kinajua tofauti hiyo vizuri sana. Ukisema "ripoti za omena na za mbuta", hiyo "za" ya pili inakupa mafungu mawili, na kwa programu hiyo ni AU. Ukitaka NA sema "ripoti zinazotaja omena pamoja na mbuta".

AU nayo ina yake. Huku tukimuuliza mgeni utakunywa chai ama uji tunangoja achague moja, lakini kitufe hakichagui, faili yenye zote mbili inaingia pia.

Sasa hilo la katikati. 1983 Gerard Salton, Edward Fox na Harry Wu walionyesha vile unaweza kulegeza vitufe: badala ya ndiyo ama la, kila faili inapewa alama kati ya 0 na 1, na kuna kipimo cha ukali kinaitwa p. Ikiwa kubwa sana NA inabaki ngumu vile umezoea, ikiwa 1 NA na AU zinafanana kabisa. Tuseme p ni 2 na maneno yana uzito sawa, faili yenye omena bila mbuta inapata kama 0.29 kwa NA, 0.71 kwa AU. Haitupwi, inashuka tu kwa orodha.

Neno lake tunalo mdomoni kila siku: ikiwezekana. "Nataka omena, na mbuta ikiwezekana." Ama angalau: "angalau mbili kati ya omena, mbuta na ngege". Nimeona mtu akiandika "NA laini" na mimi siipendi, hakuna anayeongea hivyo.

Kama programu yenu haina ulegevu huo anza na AU, halafu uwe mwangalifu sana na SI, kwa sababu ukiweka SI mbuta, ripoti nzima ya omena iliyotaja mbuta mara moja tu nayo inapotea.