Aurora husogea au hutiririka?

Swali: Natafsiri makala kuhusu watafiti walioko Svalbard, Norway, wanaopiga picha aurora, ule mwanga wa rangi angani usiku, huku rada ikipima anga ya juu. Niliandika "aurora hutiririka kuelekea magharibi, na rada hupima mkondo wa plazma." Mhariri kafuta "hutiririka" akaweka "husogea". Si yale yale?

Jibu: Si yale yale, na mhariri wako kapatia, ingawa angekwambia sababu. Kinachotiririka huondoka chenyewe: maji ya mfereji, machozi, jasho. Aurora ni mwanga unaotokea pale elektroni zinaposhuka kwa kasi na kuigonga hewa, kilomita 100 na zaidi juu yetu. Zikihamia kugonga pengine, mwanga nao huhamia huko. Mulika ukuta kwa tochi, kisha zungusha mkono: duara la mwanga linakimbia, ukuta umetulia. Duara hilo linasogea, linahama, hata linacheza ukipenda. Kutiririka, hapana.

Kinachotiririka ni plazma, yaani hewa iliyovunjika ikawa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) na elektroni. Rada ya watafiti iitwayo EISCAT, karibu na mji wa Longyearbyen huko Svalbard, hurusha mawimbi ya redio juu, na yale machache yanayorudi huwa yamebadilika kidogo masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa badiliko hilo watafiti hujua kama plazma inaijia rada au inaikimbia, na kwa kasi gani.

Ila kuna mahali ningekuachia kitenzi chako. Baadhi ya ioni za oksijeni, zikishapata nishati ya pigo la elektroni, zaweza kukaa hadi sekunde 5 hivi kabla ya kutoa mwanga, mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 732. Muda huo zinachukuliwa na plazma. Kamera yenye kichujio cha rangi hiyo huona mng'ao ukijitenga taratibu na utepe wa aurora uliouzaa. Mng'ao huo ukisema unatiririka, sikupingi.

Sasa "mkondo", ambao mhariri hakuugusa. Ni neno zuri, kila mvuvi analijua. Tatizo ni kwamba palepale kwenye aurora hupita pia mkondo wa umeme, na ioni na elektroni zinaweza kwenda kila moja upande wake. Msomaji atajuaje unasema upi? Mimi ningeuachia umeme neno mkondo, plazma nikaipa mtiririko: "Aurora husogea kuelekea magharibi, na rada hupima mtiririko wa plazma."