Pete ya tanzanaiti ya kuvaliwa kila siku: ukingo au vijino?

SWALI: Nimenunua tanzanaiti ya umbo la yai, milimita 9 kwa 7, uzito wake karati 2 hivi. Nataka kumtengenezea mke wangu pete. Yeye ni muuguzi na pete haimtoki kidoleni. Sonara wa kwanza nilimwonyesha picha ya pete ya almasi yenye jiwe lililoinuliwa juu kwa vijino vinne, akasema ataitengeneza vilevile. Wa pili amekataa. Anataka kulizungushia jiwe ukingo wa dhahabu. Nimsikilize nani? Na dhahabu iwe ya njano au nyeupe?

JIBU: Msikilize wa pili. Ile picha ni ya almasi, nawe jiwe lako si almasi.

Kwenye kipimo cha Mohs almasi ina ugumu wa 10, yakuti 9, tanzanaiti kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo jiwe linalovaliwa kila siku hupoteza mng'aro wake taratibu. Hilo linavumilika, maana jiwe huweza kung'arishwa upya. Kisichorekebishika ni ufa. Tanzanaiti ina upande mmoja inakopasuka kirahisi, kama ukuni unaofuata nyuzi zake, na jiwe lililosimama juu ya vijino vinne ubavu wake uko wazi kwa kila chuma cha kitanda na kila kitasa cha mlango. Kijino kimoja kikinyanyuka, jiwe huanza kucheza, na vitatu vilivyobaki havitalishika kwa muda mrefu. Kwa muuguzi ongeza glavu: vijino huzichana, na glavu ikivuliwa kwa nguvu huvinyanyua.

Kabla ya kuchora chochote, pima kimo cha jiwe. Zidisha urefu, upana na kimo kwa milimita, kisha mara 3.35 (msongamano wa tanzanaiti), kisha mara 0.002, utapata karati kwa kukadiria. Jiwe la 9 kwa 7 lenye karati 2 linapaswa kuwa na kimo cha milimita 4.7 hivi. Theluthi mbili za kimo hicho, yaani 3.1 hivi, ziko chini ya kiuno cha jiwe, pale lilipo pana zaidi. Mwambie fundi kiuno kikae milimita 3.5 juu ya kidole, si zaidi sana: ncha ya chini isiguse ngozi, na uso wa jiwe ubaki kama milimita 5 tu juu ya kidole. Jiwe linaloinuliwa hadi 7 au 8 hupendeza pichani na hugonga kila kitu.

Ukuta wa ukingo uwe na unene wa nusu milimita baada ya kung'arishwa. Ukiwa mnene zaidi, fundi atalazimika kuusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo tanzanaiti nyingi hupasukia. Kikalio cha ndani, yaani mahali jiwe linapokaa, kichongwe kifuate mteremko wa jiwe pande zote. Jiwe likitikisika hata kidogo kabla ya kufungwa, pana nundu chini yake. Ukingo ukishinikizwa, nguvu yote itaishia kwenye nundu ile. Ukingo usukumwe kwa mkono, pande zinazotazamana kwanza, kidogo kidogo. Nyundo iwekwe mbali. Chini na ubavuni yaachwe matundu mapana ya kupitisha mwanga na maji ya kuoshea, kwa sababu ukingo uliozibwa hulitia jiwe giza na hukusanya sabuni.

Kuhusu madini ya pete, chagua dhahabu ya karati 18 (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito). Ya 22, inayopendwa sana kwetu, husukumika vizuri lakini ni laini mno kwa pete isiyovuliwa. Nyeupe iliyochanganywa na nikeli ni ngumu na hurudi nyuma ikisukumwa, kwa hiyo ukitaka nyeupe dai iliyochanganywa na madini ya paladi. Fedha iache, huchakaa na kuwa nyeusi. Rangi uamue kwa macho yako: laza jiwe juu ya dhahabu ya njano, kisha juu ya madini meupe, kwanza kwenye mwanga wa mchana, halafu chini ya taa yenye mwanga wa njano, ambamo tanzanaiti huelekea zambarau. Jiwe la bluu iliyokolea hupendeza sana na njano. Lililopauka, na mengi ya ukubwa huu huwa hivyo, linaweza kuonekana limechujuka. Hapo ukingo uwe mweupe na duara linalozunguka kidole liwe la njano.

Mpangilio wa kazi una uzito kuliko mtindo wenyewe. Jiwe liingie mwisho kabisa, baada ya kulehemu, kutumbukiza kwenye asidi, kurekebisha saizi na kung'arisha. Wapo mafundi wanaosema tanzanaiti haiogopi moto kwa kuwa ilishachomwa kwa nyuzi 500 au zaidi ili ipate bluu yake. Ni kweli ilichomwa, ila moto ule hupandishwa na kushushwa polepole. Tochi ya sonara hupandisha joto kwa sekunde chache, na jiwe hugawanyika. Ndiyo maana saizi ya kidole ipimwe kwa uhakika mapema, jioni, mikono ikiwa na joto, na pete ipite kwenye kifundo bila kulazimishwa. Ikibidi kupanua siku za mbele, jiwe litolewe kwanza.

Ukimkabidhi fundi jiwe, likagueni pamoja kwa lenzi ya mara 10, mwandike uzito na vipimo, mpige picha nyufa zozote. Fundi mzuri hatakasirika. Karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Kwa mke wako: asiivae sambamba na pete ya almasi, itaikwangua. Aivue akishika Jik, ambayo hula mchanganyiko wa dhahabu. Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, kwa kusuuza vumbi kwanza ndipo kufuta. Mashine ya kusafishia kwa mtetemo na ile ya mvuke zisiguse pete hii hata sonara akisisitiza. Kama bado anataka vijino, viwe sita, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 1, chini vilevile, na ivaliwe siku za sherehe tu.