Neno lenye herufi 19

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba huko Ngamiani wanasema ukishaoa mtu wa Uholanzi, kadi ya ukaazi unapewa uwanja wa ndege, na lugha utaiokota njiani. Nimeudhika. Anayekwambia hayo hajawahi kuishi akisikiliza mlango, akingoja bahasha.

Kadi yenyewe inaitwa verblijfsvergunning. Waholanzi hushona maneno yakawa vazi moja. Verblijf ni ukaazi, na ndani yake mna blijven, kubaki. Ile s ya katikati haina maana, ni uzi tu. Vergunning ni ruhusa, na humo mna gunnen, neno lililonikaa rohoni siku mwalimu alipolifafanua. Gunnen ni kuridhia mwenzako apate, pasipo kinyongo. Ndiko lilikotoka gunst, hisani. Litangulizie af, linakuwa afgunst: kijicho. Kwa hiyo mwenye kadi ni mtu aliyeridhiwa abaki, na siku ya kuridhiwa kuisha imechapwa pale pale, kando ya jina lake.

Mama alipofariki, siku ya kuisha ilikuwa imeshapita kwenye kadi yangu na ombi jipya halijajibiwa. Niliogopa kutoka Uholanzi, nisije nikafungiwa nje. Nikamzika kwenye simu, nimekaa ngazini na koti langu la kazini, picha inaganda pale walipokuwa wanamshusha. Wewe ndiye uliyeshika simu upande wa pili, kwa hiyo hukuniona. Bahasha ilikuja wiki tatu baadaye.

Basi usije. Baki na duka lako, linakulisha.

Lakini kama binti huyo wa Kiholanzi unayetaka kumwoa unampenda kweli, anza Kiholanzi leo, si kesho. Tangu 2006 anayekuja kwa ndoa hufanya mtihani wa kwanza ubalozini, kabla hajapanda ndege. Ukishafika, sheria iliyoanza 2022 kwa kawaida inataka ufike kiwango cha B1, daraja la kati la lugha, na hapo hujui tu kusalimia, unaandika barua. Mwulize pia mkataba wake wa kazi ukoje, maana kitakachopimwa ni kipato chake, si chako. Usione haya kuuliza. Na usikope kwa mtu, hata kwa shemeji.

Ada ya mtihani nitatuma mwisho wa mwezi. Ukighairi, mpe shangazi zile hela, akajengee kaburi la mama.