Kiitikio Kinachowahi

SWALI: Ndugu Mhariri, nikiwa ndani ya daladala ya Nkuhungu nimegundua kwamba nyimbo zinazovuma siku hizi huanza kuimbwa kabla hata gitaa halijatulia masikioni. Kwa nini? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Umesikia vyema, ndugu msomaji. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, hivyo watayarishaji hufupisha utangulizi na kuwahisha kiitikio, wakihofia kidole cha msikilizaji kitakachorukia wimbo mwingine. Ufupi wenyewe si mgeni, kwani santuri za inchi 10 za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika 3 kila upande. Ninachokikosa mimi ni ile sehemu ya mwisho ya muziki wa dansi, magitaa yalipoachiwa yajibizane na watu wakasahau viti vyao.